Barua ya Kibarua

Katika miaka 38 ya ualimu, ambayo 16 kati yake nilikuwa mwalimu mkuu, niliandika barua nisizoweza kuzihesabu. Niliandika barua za uhamisho wa wanafunzi, za kuwaita wazazi, za kuwathibitisha walimu wapya, za kuomba madawati na za rambirambi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hana karani; barua zote ni zake. Kwa hiyo nilidhani hakuna barua itakayonishinda. Ile iliyonishinda niliombwa mwaka 2019, nikiwa nimekwisha kustaafu, na aliyeniomba ni kijana aliyekuwa akifanya kazi dukani kwetu.

Duka hilo mimi na mke wangu tulilifungua mwaka 2011 huku Ngamiani, mjini Tanga, kwa fedha ya kiinua mgongo. Ni duka la vyakula, la jumla na rejareja: unga, mchele, sukari, maharage, mafuta ya kula na sabuni. Kijana alifika Machi 2013, siku ambayo lori la sukari lilikuwa likishusha mzigo. Alibeba mifuko pamoja na wenzake, akalipwa chake, na wenzake walipoondoka yeye akachukua ufagio akafagia kibaraza bila kuambiwa na mtu. Kesho yake akarudi. Tukamwita Dogo, na wateja nao wakamwita Dogo. Miaka sita baadaye alikuwa bado anarudi kila kesho yake, ana mke na mtoto mmoja, na kila jioni mke wangu alimhesabia ujira wa siku kutoka kwenye droo.

Siku hiyo alinijia na fomu ya chama cha akiba na mikopo. Alitaka kukopa amnunulie mkewe cherehani. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Naomba unijazie hapa kwenye sehemu ya mwajiri." Nikavaa miwani, nikatazama. Palikuwa na nafasi tatu: tarehe ya kuajiriwa, cheo, na mshahara kwa mwezi. Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya karatasi yoyote. Tarehe ya kuajiriwa ni ipi, kwa mtu tuliyemwajiri asubuhi na kumwachisha jioni zaidi ya mara elfu mbili? Cheo chake ni nini? Na mshahara wa mwezi kwa mtu asiye na mwezi?

Hatimaye niliiweka fomu kando, nikachukua karatasi nyingine, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba namfahamu kijana huyu kuwa ni mwaminifu, mchapakazi na mwenye adabu. Alimaliza darasa la saba, anasoma vizuri. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja polepole. "Mwalimu," akasema, "hii ni barua ya jirani. Wao wanataka ya mwajiri."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, huenda ningepata la kumjibu.

Haya niyaandikayo ni uhakiki wa desturi ile iliyonifanya nikose la kujaza: desturi ya maduka yetu, makubwa kwa madogo, kuendesha kazi ya kila siku kwa watu wa siku moja moja. Kazi ya mwalimu ni kusahihisha, na kwa muda mrefu nilisahihisha hoja za watoto wa wenzangu. Safari hii nasahihisha hoja ambazo nilizisema kwa mdomo wangu mwenyewe, nyuma ya kaunta yangu mwenyewe.

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa mfanyakazi wa kutwa aliitwa hivyo kwa sababu alipewa kijikaratasi kilichoonyesha kwamba amefanya kazi ya siku hiyo, naye akakirudisha alipokwenda kuchukua ujira. Karatasi ikampa mtu jina. Karne ya 19 huko Unguja, hata watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa ujira wa siku waliitwa vibarua, na sehemu ya ujira huo ilikwenda kwa bwana. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya hapa kwetu Tanga, kikaja kipande: kadi ya siku 30, ambayo manamba aliijaza siku baada ya siku, na asiyeikamilisha hakuyaona malipo yake. Sitaki kusifu kadi ile wala karatasi ile, maana wote tunajua zilitumikia nini. Lakini tazama ajabu hii. Siku zile za dhiki mnyonge alikuwa walau na karatasi ya kuonyesha kwamba kazi ameifanya. Kibarua wa dukani leo amebaki na jina tu. Mtu aliyeitwa kwa jina la barua hana barua.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo ilivyo kazi ya kubeba mizigo, tangu enzi na enzi. Si kweli. Kazi iliyokuwa ya vibarua kuliko zote katika pwani yetu ilikuwa ya bandarini. Meli ikifika watu huitwa. Meli ikiondoka watu hurudi mitaani na njaa yao. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943 na mwaka 1947. Mombasa ilisimama Januari 1947. Unguja ikafuata mwaka 1948, na mgomo huo ndio ambao Adam Shafi aliuandikia riwaya ya Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979. Matokeo yake ni kwamba katika miaka ya 1950 wakuu wa bandari ya Mombasa, waliokuwa wakiapa kwamba kazi ya meli haiwezekani bila watu wa kutwa, walianza kuwaandikisha wafanyakazi wao na kuwafanya wa kudumu. Kilichokuwa hakiwezekani kikawezekana.

Kwa nini dukani isiwe hivyo? Kwa sababu makuli walikuwa mamia kwa maelfu mahali pamoja, na meli moja ikikaa bila kushushwa hasara yake inaonekana mpaka London. Dogo alikuwa mmoja nyuma ya magunia. Duka la pili lina wawili, la tatu lina mmoja, na baina yao hakuna chama wala kikao. Akigoma, atapatikana mwingine kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo maana hata riwaya hana. Ni kibarua aliyetawanywa, na aliyetawanywa hasikiki.

Nisieleweke vibaya. Kibarua halisi yupo, na kazi yake si dhambi. Lori likifika na tani kumi mara moja kwa wiki, nahitaji watu watano kwa saa mbili. Kazi ikiisha imekwisha, nao wanajua na mimi najua. Mwezi wa Ramadhani na wiki ya mwisho ya Desemba wateja hufurika, na duka huhitaji mikono ya muda. Hakuna mwenye akili atakayedai kwamba hao wote wapewe ajira ya maisha. Ninachokikosoa ni kitu kingine: kazi ni ya kudumu, mtu ni yule yule, anatarajiwa kesho na akichelewa anaulizwa, lakini ajira yake inahesabiwa kuwa imekufa kila jua linapozama. Huyo si kibarua. Ni mfanyakazi aliyefichwa ndani ya neno.

Sasa nizitaje hoja zetu, moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza tuliyokuwa tukiisema ni kwamba biashara haitabiriki. Leo unauza, kesho huuzi. Utawezaje kujifunga kwa mshahara? Hoja hii ina uzito, na asiyewahi kukaa kaunta wiki nzima ya masika akitazama maji yanavyopita barabarani asiidharau. Lakini hebu tuangalie matumizi mengine ya duka. Mwenye nyumba nilimlipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, mauzo yawepo yasiwepo. Leseni nililipa ya mwaka. Friji ilikula umeme usiku na mchana. Hakuna hata mmoja kati ya hao niliyemwambia, "Leo mvua inanyesha, nenda tu, tutaonana kesho." Maneno hayo nilimwambia mtu mmoja peke yake, naye ndiye aliyekuwa na kidogo kuliko wote. Kwa hiyo si kweli kwamba biashara yetu haikuwa na uwezo wa kujifunga. Ilikuwa imejifunga kwa kila mtu mwenye nguvu ya kutudai, na hasara ya siku mbaya ikasukumwa kwa asiye na nguvu hiyo. Mvua ilinyesha juu ya paa letu sote, ila ilimvujia yeye.

Hoja ya pili ni kwamba kijana mwenyewe anapenda fedha ya kila siku. Nayo ni kweli kwa juu juu. Mtu ambaye chakula cha jioni hununuliwa jioni hiyo hiyo atapenda kulipwa jioni. Lakini namna ya kulipa ni jambo moja, na kuwepo kwa ajira ni jambo jingine. Amri ya serikali ya kima cha chini ya mwaka 2013 ilipanga malipo kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa wiki mbili na kwa mwezi; haikusema kwamba anayelipwa kwa siku si mfanyakazi. Ningeweza kumpa mkataba na bado nikamlipa kila Jumamosi.

Tena katika hoja hii lipo jambo nililoliona miaka mingi bila kuliona. Mke wa Dogo alikuwa mteja wetu. Alinunua sukari robo kilo, mafuta ya kupima kikombe kimoja, unga nusu kilo, kwa sababu fedha iliyofika nyumbani ilikuwa ya siku moja. Kila muuza duka anajua kwamba faida nono imo katika kupima kidogo kidogo. Anayenunua mfuko mzima hulipa bei ya mfuko. Anayenunua robo hulipa bei ya robo mara nyingi, na akijumlisha huwa amelipa zaidi. Hivyo duka lililomlipa mume kwa kipimo kidogo ndilo lililomuuzia mke kwa kipimo kidogo, na tukafaidi pande zote mbili. Hatukukusudia. Lakini daftari la hesabu halina safu ya nia.

Hoja ya tatu ni uaminifu. Vijana ni wezi, husema wenye maduka. Ukimwandikia mtu karatasi umempa kamba ya kukufunga. Nami niliwahi kulisema hilo barazani, watu wakaitikia. Wakati huo huo funguo za duka zilikuwa mfukoni mwa Dogo. Yeye ndiye aliyefungua saa 12 asubuhi kabla sijaamka vizuri. Alipokea mzigo, alihesabu madumu ya mafuta, alikwenda kuwadai wateja waliokopa akarudi na fedha yangu kamili. Imani niliyokuwa nayo kwake niliitumia kila siku; ilipofika zamu ya kuiandika nikasema sina. Na kama hofu ni wizi kweli, nani wa kuogopwa zaidi: mwenye miaka yake sita ya utumishi ya kuilinda, au asiye na chochote cha kupoteza ila ujira wa siku moja?

Hoja ya nne ndiyo iliyonipa taabu kubwa kuisahihisha, kwa maana ni njema kwa sura. "Huyu si mfanyakazi," tulisema, "huyu ni kama mwanetu." Sikukuu ya Idi tulimnunulia shati. Mtoto wake alipozaliwa mke wangu alipeleka sabuni, kanga na fedha kidogo. Alikula kwetu mchana, ingawa alikula amesimama ili aone anayeingia. Lakini mwaka 2016 mfuko wa sukari wa kilo 50 ulimtoka vibaya ukamvuta bega. Alikaa nyumbani siku 11. Nilimpelekea shilingi 20,000 za pole, nikaitwa mtu mwema, nami nikaamini. Kesho yake nilimchukua kijana mwingine kwa ujira ule ule. Dogo aliporudi, bega bado halijapona, alitoa shukrani. Mama yake naye alikuja kutoka Pangani kunishukuru. Alipiga goti.

Leo nikikumbuka goti lile sijisikii vizuri. Nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mchango wake hutozwa mwajiri, si mfanyakazi. Kama ningekuwa nimemwandikisha, matibabu na siku zile 11 vingekuwa haki yake, na mama wa watu asingekuwa na sababu ya kuinama mbele yangu. Wema wangu ulichukua mahali pa haki yake, tena kwa bei nafuu. Hiyo ndiyo kasoro ya kusema "ni kama mwanangu". Wema hutegemea nimeamkaje, haki haitegemei. Tena mwana hurithi duka. Huyu alirithi ufagio.

Niliipitia na sheria, jambo nililopaswa kulifanya mwaka 2013. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, wala tisa kwa siku. Dogo alianza saa 12 asubuhi akamaliza saa mbili usiku, siku sita, na Jumapili mpaka saa sita mchana. Piga hesabu: ni saa 90, mara mbili kamili ya kipimo. Sheria inataka mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na mzozo ukifika mbele ya wasuluhishi mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, ni juu yake mwajiri kuthibitisha anayoyadai. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo inakwenda mbali zaidi: anayemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa mwezi, msomaji, si kwa wiki. Dogo alizimaliza saa hizo siku nne tu baada ya mwezi kuanza. Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Horohoro, waliandika katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 kwamba kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifululiza siku za kazi zinazofikia mwezi mmoja, ajira yake hugeuka.

Kwa hiyo sheria haikumsahau. Tatizo ni kwamba sheria inasubiri kuitwa, na wa kuiita ni mtu ambaye akienda kushtaki leo, leo hana cha kula. Wapo wenye maduka wanaojua kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki humfikia mfanyakazi akitimiza miezi sita, wakamwondoa kijana mwezi wa tano na kumrudisha baada ya wiki mbili. Sheria yenyewe imeliona hilo, maana huhesabu miezi kwa mwajiri yule yule hata kama mikataba ni zaidi ya mmoja. Ila kijana haijui hesabu hiyo, na mwenye duka hana haja ya kumfundisha.

Baadhi ya wazee wenzangu wakifika hapa huanza kulilia siku za zamani. Mimi sitalilia. Nilikuwa mwalimu kijana wakati wa Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi vijijini yalipofungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Muuzaji wa duka la ushirika alikuwa mwajiriwa, mwenye barua yake, saa zake na likizo yake. Alikosa kitu kimoja: bidhaa. Miaka ya mwanzo ya 1980 tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, na muuzaji mwenye barua alituambia imekwisha, njooni wiki ijayo. Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, rafu zikajaa, na hakuna anayetamani kurudi kwenye foleni zile. Lakini katika kujaza rafu tuliitupa na barua, kana kwamba ndiyo iliyoifukuza sabuni. Zamani tulikuwa na barua bila bidhaa. Tukaja kuwa na bidhaa bila barua. Sijaona kitabu kinachosema kwamba haviwezi kukaa katika duka moja.

Yupo atakayeniuliza swali ambalo mke wangu aliniuliza: kama kila duka litalazimika kuandika mikataba, si vijana wengine watakosa hata hicho kibarua? Ni swali la haki, nami sina jibu la kumtosha kila mtu. Duka linaloweka watu watatu kwa kutwa huenda likabaki na wawili kwa barua, na yule wa tatu ana njaa kama wenzake. Lakini kwa kijana ambaye yupo kila siku kwa miaka sita, ujira wake tulikuwa tunautoa tayari. Kilichobaki ni nini? Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi mpaka nusu yake. Siku ya mapumziko kila wiki. Likizo ya siku 28 kwa mwaka. Saa za ziada kulipwa kama saa za ziada, au duka kufungwa mapema. Tulikaa na daftari usiku mmoja tukahesabu. Si kidogo, lakini duka halikufa. Tuliacha kufungua alfajiri, maana wateja wa alfajiri walikuwa wachache na walikuja tu kwa sababu walijua tupo. Faida ilipungua. Sehemu ya faida ile, kumbe, haikuwa faida. Ilikuwa mshahara wa mtu.

Niliandika barua. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipofika mahali pa tarehe ya kuanza kazi, akauliza, "Utaweka tarehe ya leo?" Tarehe ya leo ilikuwa rahisi, haina madeni nyuma yake. Kwa kalamu moja miaka sita ingekuwa haikuwapo, na hakuna mtu Tanga nzima ambaye angenishtaki. Nilifikiri jinsi ambavyo ningemkaripia mwalimu wa shule yangu ambaye angeandika tarehe ya uongo kwenye kitabu cha mahudhurio. Nikaandika Machi 2013. Mke wangu akavuta pumzi, akasema, "Haya, Mwalimu. Tutalipa." Tulilipa kwa miezi mingi, kidogo kidogo, kama wateja wa robo kilo.

Dogo alipata mkopo wake, na cherehani ikanunuliwa. Baada ya miezi tisa alinijia tena na karatasi, safari hii ameiandika mwenyewe. Ilikuwa notisi ya siku 28: amepata kazi kwenye ghala, mshahara mzuri zaidi, na waliomwajiri walitaka kuona alikofanya kazi. "Unaona?" alisema mmoja wa wenzangu wa barazani. "Umemwandikia barua, kaondoka nayo." Naam, ameondoka nayo. Vibarua huondoka kila siku bila kuaga, nasi hatuoni ajabu, kwa sababu hakuna walichokuwa wameingia. Huyu aliaga. Nikamwandikia cheti cha utumishi, nikajaza nafasi zote bila kusita.

Kwa wenye maduka wenzangu sina hotuba. Nina zoezi tu, kama ilivyo desturi yangu ya zamani. Usiku huu, mkishafunga hesabu, chukueni karatasi mwandike jina kamili la yule anayefagia kibaraza chenu kila asubuhi. Chini yake jazeni mambo matatu: ameanza lini, kazi yake inaitwaje, na analipwa kiasi gani kwa mwezi. Ambaye kalamu yake haitakwama hata pamoja, makala haya hayamhusu.

Mimi yangu ilikwama kwenye jina. Mpaka aliponiletea ile fomu, sikuwa nimewahi kulijua.